Unapikia nini, na wapi?

Mama wa vitumbua aliingia dukani saa tatu asubuhi na kapu tupu mkononi. Vitumbua vyake huwa havifiki saa mbili na nusu. Akaliweka kapu juu ya kaunta, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga, akasema, "Dokta, nipe ile ya siku zote."

Mimi si daktari. Nimesomea dawa, nauza kwenye duka la dawa Mbagala, lakini mtaani ukishavaa koti jeupe umeshakuwa dokta na hakuna wa kukuvua. Na "ile ya siku zote" ni dawa ya maji ya kikohozi, chupa ya mililita 100. Mkono wangu ulishafika kwenye rafu kabla hajamaliza kusema, ndivyo tulivyozoeana. Halafu ukasita. Nilihesabu kichwani: hiyo ilikuwa chupa ya nne tangu mwezi uanze, na tarehe ilikuwa 19.

Na nilinusa. Khanga yake ilikuwa na harufu ya moshi wa mkaa uliochanganyika na mafuta na iliki. Harufu hiyo naipenda, nisiseme uongo. Nikiisikia tu naona birika la chai. Wanawake wengi wanaonunua dawa ya kikohozi kwangu wananukia hivyo hivyo, na mwaka wa kumi na moja sasa nawapa chupa, narudisha chenji, nasema "kijiko kimoja kutwa mara tatu, itikise kwanza," basi. Swali ambalo daktari alikuwa amemuuliza mama yangu wiki ile ile, mimi sijawahi kumuuliza mteja hata mmoja.

Siku hiyo nikauliza. "Mama, vitumbua unapikia nini? Na unapikia wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza mumewe analipwa shilingi ngapi.

Jibu lake nitalileta. Ngoja kwanza nimseme mama yangu.

Mama ana miaka 63. Hajawahi kushika sigara, pombe anaijua kwa harufu tu, na kwaya ya kanisani ameimba tangu mimi sijazaliwa, sauti ya pili. Kwaya ndiyo iliyomfichua. Alianza kuibia pumzi katikati ya mstari, akawa anafungua mdomo bila sauti kutoka, akitumaini mwalimu hamwoni. Mwalimu alimwona, lakini alinyamaza kwa heshima. Baadaye ikawa kilima cha kutoka kituoni mpaka nyumbani: zamani alikuwa anakipanda na ndoo ya mchele kichwani, sasa anasimama mara tatu, na kila anaposimama anajifanya anasalimia watu.

Tukasema ni uzee. Shangazi akasema ni presha. Jirani akasema kifua kikuu, mama akapimwa makohozi mara mbili, hakuna kitu. Kituo kimoja cha afya wakamwandikia vidonge vya pumu, akawa anatetemeka mikono mpaka chai inamwagika kwenye sahani. Na mimi, mtu wa dawa, nilimpa antibaotiki kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe mara tatu kwa mwaka mmoja. Kila mara kikohozi kilipungua wiki moja kikarudi, na kila mara nilijisifu kwa ile wiki moja.

Mwishowe tukafika hospitali kubwa, kwa daktari kijana mwenye sauti ya konda. Alimpa mama mrija uliounganishwa na mashine, akamwambia avute pumzi yote aliyonayo kisha aipulize kwa nguvu. "Puliza, mama, puliza, puliza, puliza, usiache, bado ipo, puliza!" Mama alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Daktari akampulizia dawa, tukasubiri, mama akapuliza tena. Daktari akageuza kioo cha kompyuta ili nione. Mtu mwenye mapafu mazima, katika sekunde ile ya kwanza, hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuitoa. Mama alitoa 51. Hewa iliyobaki ilikuwa inajikongoja kutoka kama maji kwenye bomba lililojaa kutu.

"Mama, umewahi kuvuta sigara?"

Mama akaona ametukanwa. Nikamjibia mimi: hajawahi.

Daktari hakuishia hapo. Akaweka kalamu chini. "Sawa. Unapikia nini, na wapi?"

Mama akacheka, ile cheko inayoishia kwenye kikohozi. "Kuni, baba. Tangu sijaota matiti. Mkaa nimeujulia hapa Dar."

Ndipo ukaandikwa kwenye cheti: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ule ule wanaoupata wavuta sigara wa muda mrefu. Daktari alituambia wazi kwamba kilichoharibika hakirudi, kazi yetu ni kuzuia kilichobaki kisishuke kwa kasi.

Kwetu ni Kwimba, Usukumani. Jiko la bibi, mama yake mama, nalikumbuka vizuri kwa sababu likizo nilikuwa naletwa huko kusalimia wazee. Kijumba cha udongo, paa la nyasi, mlango mfupi wa kuinama, dirisha hakuna. Mafiga matatu katikati. Miti kule ilikwisha siku nyingi, ng'ombe na pamba viliimaliza, kwa hiyo kuni ilikuwa chochote kinachoshika moto: vijiti vya pamba baada ya mavuno, mabua ya mtama, na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Mavi hayawaki kama kuni. Yanafuka. Moshi wake ni mzito, wa manjano, unashuka badala ya kupanda, nasi watoto tulikuwa tunakula tumelala kifudifudi kabisa ili tupate hewa ya chini. Juu, kwenye nyasi za paa, masizi yalikuwa yananing'inia kama ndevu. Bibi alikuwa anayakwangua kuweka kwenye kidonda.

Bibi alikuwa na macho mekundu. Asiyetoka Kanda ya Ziwa anaweza asielewe maana ya sentensi hiyo. Kwetu ajuza mwenye macho mekundu alikuwa anaitwa mchawi, na mchawi alikuwa anakatwa panga usiku mlangoni kwake. Mamia ya vikongwe wameuawa hivyo Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, magazeti yameandika, watetezi wa haki za binadamu wameandika, na wameeleza mara nyingi kwamba wekundu ule wa macho ni wa moshi wa jikoni. Bibi alikuwa akienda gulioni anashusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, anatazama chini. Akisalimiwa "mwangaluka" anaitikia bila kuinua uso. Nilidhani ni aibu ya kizee. Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa kwenye benchi la hospitali tunasubiri dawa, kwamba bibi alikuwa anaogopa macho yake mwenyewe.

Hawakumkata panga, Mungu mkubwa. Alianguka akichota maji, upande mmoja ukapooza, akafariki baada ya siku nne. Kiharusi. Hilo la kiharusi sikulihusisha na jiko kabisa. Nililijua baadaye, nilipoanza kusoma.

Tunasema moshi "unaingia kifuani" kana kwamba kifua ni stoo, unaingia na kubaki humo. Kumbe kifua ni mlango. Ndani ya moshi mna chembe ndogo mno, zile wataalamu wanazoziita PM2.5, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una mikromita kama 70, kwa hiyo chembe karibu thelathini zingeweza kupangwa foleni kukatiza unywele mmoja. Vumbi la barabarani, lile unaloliona, pua na makohozi hulishika. Hizi hazishikiki. Zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho ambako hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba kuliko chochote unachoweza kukiona, na zile ndogo zaidi zinavuka. Mwili unadhani umevamiwa na wadudu. Unaleta askari wake, askari wanazimeza, wanashindwa kuzisaga, wanakufa wakimwaga kemikali zao pale pale. Siku moja si kitu. Kila siku, mara tatu kwa siku, miaka hamsini, mapafu yanabaki na makovu, damu inakuwa rahisi kuganda, na mishipa inakakamaa.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyotokana na moshi wa majumbani. Nilipoona namna walivyovigawa, nilirudi kusoma mara ya pili nikidhani nimekosea mstari. Asilimia 32 ni moyo. Asilimia 23 ni kiharusi. Maambukizi ya mapafu, yakiwemo yanayoua watoto wachanga, 21. Ugonjwa kama wa mama, 19. Saratani ya mapafu, 6. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watu wanaouawa na jiko hawafi wakikohoa. Wanaanguka kama bibi, na watu msibani wanasema, "Jana tu tulikuwa naye."

Nikaenda kwenye daftari la madeni. Kila duka la mtaani lina daftari la madeni, langu lina kurasa zilizolegea kama karata. Nikaanza kutafuta wanawake wanaokopa dawa ya kikohozi, kisha nikaangalia wanakopa nini kingine. Kikohozi, presha. Kikohozi, presha. Kikohozi, dawa ya macho, presha. Rafu ya kikohozi iko kushoto kwangu, ya presha iko kulia, na kwa miaka yote hiyo nilidhani nahudumia watu wa aina mbili. Sisemi presha yote ya Mbagala inatoka jikoni. Kuna chumvi, kuna ukoo, kuna mawazo ya kodi ya nyumba. Lakini daftari liko pale.

Kuna watu wataniambia, dokta, hizo ni habari za kuni, mkaa hauna moshi. Mama alikuwa anasema hivyo. Alipohamia Dar na kuona makaa mekundu yasiyotoa moshi machoni alidhani ameshastaarabika.

Nilikuwa darasa la nne, masika, mvua ya kutwa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Maharage yalikuwa bado magumu, na nje jiko lingezimwa, mama akaliingiza ndani, akaliweka mlangoni, akafunga mlango mvua isipige. Tukalala tukisubiri maharage. Nilichoamka nacho ni kichwa kinachogonga kama kuna mtu anatwanga humo ndani. Mdogo wangu alikuwa ametapika na hataki kuamka, anaitikia kwa mbali kama mtu aliye kisimani. Nilijaribu kusimama, miguu ikawa ya mtu mwingine. Kilichotuokoa ni jirani aliyekuja kuomba kiberiti. Alipofungua mlango tu, akapiga kelele kwamba tumeingiliwa na kitu. Tukatolewa barazani kwenye mvua, tukapuliziwa, tukasomewa, tukapata nafuu, na sifa zote wakapewa waliosoma. Jiko lilikuwa bado liko pale chumbani, zuri, jekundu, halina moshi hata kidogo.

Ile ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo hewa nzuri inafika mapafuni inakuta viti vyote vimekaliwa. Mkaa unatoa gesi hiyo kwa wingi hasa ukiwa umekolea ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha. Kila msimu wa baridi habari za watu waliolala na jiko kule Nyanda za Juu Kusini hazikosekani. Na kabla ya kuua kuna ngazi za chini: kichwa kizito cha mama lishe kila jioni, kichefuchefu, uchovu usioeleweka. Wanakuja kununua panadoli. Nawauzia.

Mpwa wangu anasoma chuo, na mwaka huu alikuja na kidude cha kupimia hewa cha mradi wao, kidogo kama redio ya mfukoni, kinaonyesha namba ya zile chembe nilizozieleza. Aliniambia kisiaminiwe kama Biblia, ni cha bei nafuu na unyevu unakichanganya. Sawa. Kwa kulinganisha kinatosha. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa siku nzima, na 5 kwa wastani wa mwaka.

Tulianza na Barabara ya Kilwa saa moja jioni pale Rangi Tatu, daladala zinanguruma, bajaji, bodaboda, malori. Nilikuwa na uhakika hapo ndipo penye balaa. Kidude kikacheza kati ya 60 na 90. Mpwa akaandika. Tukaenda nyumbani kwangu.

Napika koridoni. Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita, na kila mpangaji ana jiko lake mbele ya mlango wake. Kabla hatujawasha, 41. Nikapanga mkaa, nikachukua kitu cha kuwashia. Zamani tulikuwa tunawashia mifuko ya rambo, ilipopigwa marufuku Juni 2019 tukahamia kwenye chupa za maji na vipande vya ndala. Nikawasha kipande cha chupa, nikakaa na kupepea kwa mfuniko wa ndoo, mpwa amenishikia kidude usawa wa pua kama mwandishi wa habari. 180. 430. 760. Halafu 999, kikaganda. "Kimeharibika?" nikauliza. "Hapana shangazi," akasema, "kimefika mwisho. Hakina namba zaidi ya hapo."

Dakika kumi na mbili kilikaa kwenye 999. Mlango wa jirani ulikuwa wazi na mtoto wake wa miezi minane amelala kwenye mkeka, futi sita kutoka nilipokuwa napepea. Watoto wadogo wanaovuta moshi wa jikoni wana hatari ya karibu mara mbili ya kupata nimonia. Hiyo namba nilikuwa naijua siku nyingi kutoka darasani. Ila nilikuwa naijua kama mtu anavyojua mji mkuu wa Mongolia.

Na hapa niweke wazi: mtungi wa gesi ninao. Kilo 6, uko chumbani chini ya meza, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Chai natengenezea gesi, mayai gesi, uji wa mgonjwa gesi. Maharage, makande, kwato, chochote cha saa mbili na zaidi, mkaa. Na sijakutana na mwenye mtungi Mbagala ambaye hafanyi hivyo. Hatukuacha mkaa, tuliongeza gesi juu yake. Kujaza mtungi ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo. Mtu anayepata hela kwa siku ananunua moto wa siku. Mimi mwenye mshahara sina hata kisingizio hicho. Mimi ni mazoea tu, na imani kwamba maharage ya gesi hayakolei nazi.

Serikali imeshalivalia njuga. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mwezi huo huo alikuwa Paris kwenye mkutano wa dunia wa jambo hilo hilo. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Nayaunga mkono. Lakini mama wa vitumbua si taasisi. Yeye ni mtu mmoja, chuma kimoja cha vitumbua na kopo mbili za mkaa, na analisha nusu ya mtaa.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa kampeni hawapendi kulitaja, mimi nitalitaja kwa sababu duka halinidai uongo. Malawi walifanya utafiti mkubwa, watoto zaidi ya elfu kumi, nusu ya kaya wakapewa majiko banifu yenye feni, ya kupunguza moshi, matokeo yakatoka mwisho wa 2016: nimonia haikupungua. Baadaye ukafanyika mwingine Rwanda, Guatemala, India na Peru, wajawazito 3,200, safari hii wengine wakapewa gesi yenyewe bure, na wakaitumia kweli. Moshi walioupumua ulishuka sana. Nimonia za watoto na uzito wa kuzaliwa? Tofauti haikuwa ya maana. Niliposoma hayo nilikata tamaa siku mbili.

Kisha nikatoka nje saa kumi na mbili jioni nikaona mtaa wangu. Huyu anachoma takataka, pampasi na chupa ndani yake. Yule anakaanga samaki. Fundi anachomelea geti. Vumbi la barabara, jenereta la saluni, na koridoni kwetu majiko matano. Ningewapa wapangaji wawili mitungi, mtoto wa jirani angepumua nini? Halafu hesabu ya moyo haiendi kama ya dukani, kwamba ukipunguza nusu ya bidhaa umepunguza nusu ya bei. Moshi wa kwanza kwanza ndio unaodhuru zaidi. Kutoka 900 mpaka 300 macho yanapata raha, lakini mishipa ya damu bado iko ndani ya moto. Faida kubwa iko chini kabisa, kwenye namba ndogo, na huko mtu hafiki peke yake wakati jirani anapepea.

Kwa mama tulianza na tulichoweza. Tulimnunulia jiko la umeme la presha, lile kama sufuria lenye mfuniko wa kufunga. Maharage yanaiva bila kumaliza hata uniti moja, nimekaa mbele ya mita kuhakikisha. Mama aliyaonja mara ya kwanza, akatafuna taratibu, akasema yamepikwa kwa woga. Sasa hivi anayala. Anayaunga kwa nazi ya kutosha, kisha ananiambia kwa siri kwamba siku ya sikukuu atapikia kuni, nje, upepo ukiwa upande mwingine. Inhela anatumia mbili, moja kila siku, moja akibanwa. Kwaya amerudi. Anaimba mistari mifupi, mirefu anawaachia wenzake, na mwalimu bado ananyamaza.

Mama wa vitumbua, baada ya kunitazama vile, alinijibu. "Mkaa. Napikia kwenye kibanda." Kibanda gani? Kile cha mabati pembeni ya choo, mlango mmoja. Kwa nini ndani? "Naanza saa tisa usiku, dokta. Nikae nje saa tisa usiku, peke yangu, Mbagala?"

Sikuwa na la kusema. Vitabu vyote vinasema toa jiko nje, hakuna kinachosema kuhusu saa tisa usiku. Tukabaki tumetazamana, kapu lake tupu katikati yetu. Nikamwambia basi akate bati upande wa juu, pande mbili zinazotazamana, hewa ipite juu kichwani na vibaka wasipite. Awashie moto nje jioni, uingie ndani ukiwa umekolea? Hapana, saa tisa utakuwa majivu. Basi awashie nje mlangoni, dakika kumi zile mbaya, kisha aingize. Akasema atamwambia mwanawe wa kiume alete msumeno. Nikamwambia pia aende akapime pumzi, na makohozi, na presha. Presha nilimpima pale pale. Sitaiandika hapa, lakini alikaa chini bila kuambiwa.

Nilinunua daftari jipya, la kurasa 96. Kila anayenunua dawa ya kikohozi namuuliza, namwandika, bila jina. Mkaa, koridoni. Mkaa, chumbani mvua ikinyesha. Kuni, nje. Gesi, na mkaa kwa maharage. Kijana wa bodaboda akanijibu, "Mimi sipiki, dokta," nikaandika: barabara, saa 14 kwa siku.

Juzi mama wa vitumbua amerudi. Mabati yamekatwa, mwanawe alikata hata zaidi ya nilivyosema, na mvua ya usiku iliingia ikaloanisha unga. Kikohozi kimepungua kidogo, au anasema hivyo ili nisijisikie vibaya. Hospitali bado hajaenda, anasubiri mchezo wa upatu umfikie. "Nipe ile ya siku zote," akasema, na nikampa, maana ni ya kwanza tangu mwezi uanze na tarehe ni 22. Safari hii kapu halikuwa tupu. Alikuwa ameniwekea vinne kwenye karatasi, bado vya moto. Nilivila nikiwa nimesimama, kabla mteja mwingine hajaingia. Vilikuwa na ule moshi wake kwa mbali, na iliki.